Tangi lilifurika, skrini ikasema 62: kupeana data kati ya PLC kupitia swichi

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi na wahandisi wa mitambo. Wenzetu wengi walikuwa zamu siku hiyo, wakaomba wapate maneno yenyewe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana ambao ndiyo kwanza mnashika bisibisi: hamjambo?

Kabla sijaendelea, naomba kijana mmoja asogee hapa mezani. Ahsante. Hapa kuna PLC mbili, yaani kompyuta ndogo za kuendesha mitambo. Ya kushoto inasoma kina cha maji kwenye tangi. Tangi sina, kwa hiyo nimeweka kitufe hiki cha kuzungusha. Ya kulia inaendesha pampu. Badala ya pampu ipo taa ya kijani. Katikati yao kuna swichi ya Ethernet, kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao, chenye matundu matano. Skrini ya kulia inasema tangi limejaa asilimia 62, na taa inawaka. Programu inaamuru pampu izime kina kikifika 90.

Sasa chomoa kebo ya PLC ya kushoto. Vizuri. Zungusha kitufe mpaka mwisho, tangi lijae. Skrini inasema nini?

Sitini na mbili.

Na taa? Bado inawaka. Msirudishe kebo. Tuache hivyo hivyo, tuzungumze.

Hicho mlichokiona kilinipata kazini nikiwa bado kijana. Tangi lilikuwa juu kilimani, pampu bondeni, PLC moja huku na nyingine kule. Mtandao ulifanya kazi miezi mingi bila kelele. Usiku mmoja klipu ya kebo upande wa tangi ikalegea. Si kwamba ilikatika, ililegea tu, ile pini ya plastiki ilikuwa imevunjika zamani na hakuna aliyeijali. Mtu wa zamu alikaa mbele ya skrini usiku kucha, na kila alipoinua macho aliona 62. Namba nzuri, haina wasiwasi. Maji yalimwagika mpaka alfajiri, na aliyetupa habari alikuwa mlinzi aliyekuta viatu vyake vimeloa.

Nani alikosea? Mtu wa zamu? Swichi? Ile klipu? Ndugu zangu, aliyekosea ni mimi niliyeandika programu. Niliichukua namba kutoka kwenye PLC nyingine nikaitumia kama vile sensa imefungwa kwenye PLC yangu mwenyewe. Sikuiuliza namba ile umri wake. Nimekuja hapa leo kwa sababu ya jambo hilo moja: data iliyotoka kwa PLC nyingine ina umri, na PLC inayoipokea lazima iujue umri huo kabla ya kuiamini.

Rejista, yaani chumba kidogo cha kumbukumbu ya PLC, haisahau. Ukiandika 62 ndani yake, itabaki 62 mpaka mtu aandike kingine. Mawasiliano yakikatika, hakuna anayeandika. Sensa iliyofungwa kwa waya hukupa dalili: kwenye mkondo wa miliampia 4 hadi 20, waya ukikatika mkondo unashuka hadi sifuri, na sifuri si kipimo halali, kwa hiyo unajua kuna tatizo. Ndiyo maana wazee wetu walianzia kwenye 4. Rejista iliyopokea data kwa mtandao haina sifuri ya namna hiyo. Ni juu yako kuitengeneza.

Inatengenezwaje? Kwa mapigo ya moyo. PLC inayotuma inaweka kihesabu karibu na data yake, na kila mzunguko wa programu, yaani kila inapopitia maagizo yake tangu mwanzo hadi mwisho, inakiongeza moja: 1, 2, 3, 4, kikifika mwisho kinaanza upya. PLC inayopokea inakitazama. Kikibadilika, mwenzangu yuko hai. Kikisimama kwa sekunde 2, au muda wowote mtambo wako unaoweza kuuvumilia, data yote iliyotoka kwake inatangazwa mfu, kengele inalia, na pampu inakwenda kwenye hali uliyoichagua wewe ukiwa umetulia, mchana, na karatasi mbele yako.

Kuna mahali watu wengi wanateleza hapa. Nimeona mafundi wazuri wakiweka biti moja inayopepesa, mara 0, mara 1. Ukiisoma kwa muda unaolingana na kupepesa kwake, utaikuta kila mara iko vile vile, nawe utasema mwenzio amekufa kumbe yuko hai. Kihesabu ni salama zaidi. Wengine wanaacha kihesabu kiongezwe na kadi ya mawasiliano, ile sehemu ya PLC inayoshughulikia mtandao. Msifanye hivyo! Kwenye PLC nyingi programu ikisimama, kadi ya mawasiliano inaendelea kujibu maswali kwa adabu kabisa, ikitoa namba za mwisho ilizonazo. Kihesabu lazima kiongezwe na programu ile ile inayosoma sensa, ndani ya mzunguko ule ule. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba akili ya PLC inafanya kazi. Kebo kuwa nzima hakutoshi.

Tena tuma na hali ya sensa yenyewe. PLC inaweza kuwa hai, mtandao mzima, na sensa imekufa tangu jana. Biti moja tu inatosha: "kipimo hiki nakiamini" au "sikiamini". Mficha maradhi kifo humuumbua, na PLC inayoficha ugonjwa wa sensa yake inamponza jirani.

Sasa tuje kwenye swichi, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa kila siku.

Niliitwa mahali fulani penye mkanda wa kubebea maboksi. PLC ya kwanza ilipima uzito. Ya pili, mita chache mbele, ilikuwa na mkono wa kusukuma nje boksi bovu. Mara mkono unasukuma boksi lenyewe, mara unasukuma la jirani. Walikuwa wamebadilisha swichi mara tatu. Mara tatu! Ya mwisho ilikuwa ya bei kubwa kuliko PLC zote mbili.

Nikawaomba tupige hesabu pamoja, na naomba nanyi tupige. Swichi inapokea fremu nzima, yaani kifurushi kimoja cha data, inatazama anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) ya anayepelekewa, inatafuta kwenye jedwali lake ni tundu lipi, inaitoa huko. Fremu ya kawaida iliyo kubwa kabisa ina baiti 1518, na kila baiti ni biti 8. Kwenye mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, kuipitisha kunachukua kama mikrosekunde 121. Hiyo ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde moja.

PLC ya kwanza mzunguko wake ulikuwa milisekunde 20. Uzito ukibadilika mara tu baada ya pembejeo (taarifa za sensa) kusomwa, unasubiri mzunguko umalizike, halafu mzunguko mwingine uupitie: 40. PLC ya pili ilikuwa inauliza data kila baada ya milisekunde 100. Ukikosa swali la sasa unasubiri linalofuata: 100. Ya pili nayo mzunguko wake 30, mara mbili: 60. Jumla 200. Mkanda ulikuwa unakwenda mita moja kwa sekunde. Kwa milisekunde 200 boksi limesogea sentimita 20. Siku ya bahati muda unakuwa robo ya huo, boksi linasogea sentimita 5. Mkono utajuaje?

Swichi haifiki sehemu moja ya elfu ya muda huo. Wangenunua swichi kumi, mkono ungeendelea kupiga jirani. Dawa ilikuwa kuvuta waya wa sensa ya kuona boksi mpaka kwenye PLC yenye mkono, na kuuachia mtandao kazi ya kubeba taarifa tu kwamba boksi namba fulani ni bovu. Taarifa hiyo ikichelewa sentimita 20 haidhuru, kwa sababu boksi bado halijafika. Ushauri wangu ni huu: uamuzi wa haraka uufanyie pale pale sensa na mota zilipo. Data ya kupeana na jirani iwe ile inayoweza kungoja.

Jambo linalofuata nalisema kwa uchungu, maana limenikosesha usingizi mara nyingi kuliko yote. Data inaweza kufika mapema, ikiwa hai, ikiwa nzima, na bado isieleweke.

Itifaki ya Modbus, yaani kanuni za vifaa kuzungumza, ilianza mwaka 1979, na mpaka leo ukienda kwenye mitambo utaikuta, siku hizi ikipita kwenye Ethernet kwa poti 502. Naipenda kwa urahisi wake. Lakini rejista yake ina biti 16 tu. Namba yenye desimali inahitaji biti 32, yaani rejista mbili. Ipi inatangulia? Kanuni za Modbus zinasema jinsi ya kupanga baiti ndani ya rejista moja; rejista mbili zipangweje, kila mtengenezaji alijiamulia.

Tazameni namba 100.0. Kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16, ni 42C8 kisha 0000. Tuseme mtumaji ametanguliza 42C8, na mpokeaji anadhani iliyotangulia ni sehemu ya chini. Ataisoma 0000 kisha 42C8. Hiyo nayo ni namba halali! Ni ndogo mno, ina sifuri 40 baada ya nukta kabla ya tarakimu ya kwanza. Skrini itaandika 0.00. Hakuna kengele, hakuna kosa la mawasiliano, mapigo ya moyo yanadunda. Kuna fundi niliyemkuta amefungua kipimo cha mtiririko wa maji, amekisafisha, amekirudisha, amekifungua tena, kwa sababu skrini ilisema hakuna maji yanayopita. Maji yalikuwa yanapita. Nilimwonyesha rejista mbili zile, nikazibadilisha nafasi, namba ikatokea. Alikaa chini sakafuni akanyamaza. Siku mbili zake zilikuwa zimepotea pale.

Kwa hiyo kabla hamjaunganisha data ya kweli, tumeni namba ya majaribio. Mimi natumia 16909060. Kwa nini namba ya ajabu hivyo? Kwa sababu kwa heksadesimali ni 01 02 03 04, kila baiti ina sura yake. Ikifika 16909060, mmeelewana. Ikifika 50594050, rejista zimepishana. Ikifika 67305985, baiti zote zimegeuka kichwa chini miguu juu. Na ikifika namba ambayo hamuitambui hata kidogo, huenda mmesoma rejista ya jirani, maana kuna vitabu vinavyoanza kuhesabu rejista kutoka sifuri na vingine kutoka moja. Dakika tano, na mmemaliza ubishi wa siku mbili.

Kuna ndugu yake tatizo hilo aliye mjanja zaidi. Kihesabu cha uzalishaji kiko 65535, kinaelekea 65536. Katika rejista mbili, ya juu ilikuwa 0 na ya chini 65535. Sasa ya juu inakuwa 1 na ya chini 0. Tuseme mpokeaji amesoma katikati ya badiliko hilo: ya juu imeshakuwa 1, ya chini bado 65535. Anapata 131071. Mara moja tu, halafu usomaji unaofuata unakuja sahihi. Ripoti ya siku inaonyesha mmezalisha maradufu, na hakuna anayeweza kuirudia hitilafu ile mbele yako. Nimeshuhudia watu wakishutumiana wizi kwa jambo hili.

Dawa yake: mtumaji asiache data yake isomwe ikiwa bado inaandikwa. Aikusanye pembeni, mwisho wa mzunguko ainakili yote kwa mara moja kwenye eneo la kutumwa. Kama ni kundi kubwa lisiloenea katika ujumbe mmoja, na Modbus inakubali rejista 125 tu kwa kila ombi la kusoma, basi weka namba ya mfuatano mwanzoni mwa kila kipande na uweke ile ile mwishoni. Mpokeaji akikuta hazilingani, au vipande havina namba moja, avitupe vyote, abaki na vya awali, asubiri zamu nyingine.

Na nani aandike wapi? Hapa sitakaa sana, wahenga walishasema: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila neno la data liwe na mwandishi mmoja. PLC iandike kwenye eneo lake yenyewe, wengine wasome. Ukitaka jirani afanye jambo, andika ombi lako kwako, yeye alisome, aamue, aandike jibu kwake. Niliwahi kukuta vali inayofunguka na kufunga yenyewe usiku, na watu wameanza kuiogopa. PLC mbili na skrini moja zilikuwa zinaandika rejista moja, kila mmoja akitaka kubadilisha biti yake tu. Lakini ili ubadilishe biti moja walikuwa wanasoma rejista nzima, wanageuza biti, wanaandika nzima, na hivyo kila mmoja alikuwa anarudisha biti za mwenzake kwenye hali ya zamani.

Sasa niwapeleke nje kidogo, kwa sababu yapo yaliyotokea makubwa kuliko matangi yetu.

Tarehe 19 Agosti 2006, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, Marekani, pampu mbili za kuzungusha maji ya tanuri namba 3 zilisimama. Waendeshaji wakalazimika kulizima tanuri kwa mkono. Walipochunguza, vidhibiti vya kasi ya zile pampu vilikuwa vimeacha kuitikia, na kilichovilemea ni wingi wa pakiti kwenye mtandao wa Ethernet wa ndani ya kituo. Hawakushambuliwa. Kifaa kingine kwenye mtandao ule ule, PLC ya kusafisha maji, ndicho kilichoshukiwa kuumwaga mzigo huo.

Mmelisikia hilo? Pampu hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinaishi nyumba moja na kifaa kinachopiga kelele.

Swichi inapeleka fremu kwa mwenyewe tu, lakini ujumbe wa kutangazia wote inaupeleka kila tundu, na kila PLC inalazimika kuupokea, kuutazama na kuutupa. PLC ina nguvu ndogo ya kazi hiyo. Sasa fikirini mtu mwenye nia njema anaona kebo inaning'inia, anaichomeka kwenye tundu lililo wazi, kumbe upande wake wa pili umeshachomekwa kwenye swichi hiyo hiyo. Ujumbe wa kutangaza unazunguka hauishi, unazaliana, na ndani ya muda mfupi mtandao wote umezama. Nunueni swichi zinazoweza kupangwa: zinazogundua kebo iliyojirudia hivyo na kuikata, zinazoweka kikomo kwa matangazo, zinazokuruhusu kufunga matundu yasiyotumika. Kama PLC zenu zinapeana data kwa EtherNet/IP, itifaki nyingine, kwa mtindo wa kutumia kundi, hakikisheni swichi inajua nani yumo kwenye kundi, la sivyo kila aliyemo anamwagiwa. Mtandao wa ofisi utengwe na wa mitambo. Poti 502 haina nywila. Yeyote anayeifikia anaweza kuandika kwenye rejista zenu. Na anwani za IP ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa paneli, kwa sababu siku PLC mbili zikipewa anwani moja mtatafuta mpaka mchoke.

Kuhusu kitufe cha dharura nina neno moja: msikipitishe kwenye data ya kawaida. Vuta waya, au tumia itifaki zilizotengenezwa kwa usalama, kama PROFIsafe na CIP Safety, ambazo zinaichukulia njia yote katikati, swichi ikiwemo, kama isiyoaminika, na zinajikagua zenyewe kila ujumbe.

Haya, turudi mezani. Bado inasema 62? Bado. Tumezungumza muda wote huu, na kwa hesabu yake tangi halijaongezeka hata tone. Naomba rudisha kebo. Inaruka mpaka 100, taa inazima. Sawa. Sasa naingiza programu ya pili, yenye kihesabu na biti ya hali ya sensa. Punguza kitufe mpaka 62, taa iwake. Chomoa.

Moja. Mbili. Mmeona? Taa ya kijani imezima, nyekundu imewaka, na kwenye skrini badala ya namba kuna vistari.

Naona mkono nyuma kule. Sema, ndugu yangu. Anauliza: kebo ikirudi, pampu iwake yenyewe? Swali hilo ndilo nililolisubiri. Kijana, chomeka kebo. Namba imerudi, 62, taa nyekundu imetulia, lakini pampu haijawaka. Inangoja mtu aje, atazame, abonyeze kitufe hiki cha bluu. Nimeamua hivyo kwa sababu kebo ikilegea inaweza kushika na kuachia mara ishirini kwa saa, na sitaki mota iwake na kuzima mara ishirini. Tena sijui kama wakati imezima kuna fundi aliyeingiza mkono kwenye pampu. Kwenye mtambo wako inawezekana jibu likawa tofauti, kwa mfano pampu ya kuzima moto. Njoo ukibonyeze wewe uliyeuliza, halafu tujadili ya kwako.